Maneno ya Shangazi Makereta

Asubuhi za kijiji chetu cha Nabitu huanza na ukungu. Hulala juu ya mto mpaka jua lipande, na mtu akiwa ng'ambo humwoni, unamsikia tu akikohoa. Vasiti aliupenda ukungu ule kupita kiasi. Kila siku, akishachota maji na kumpelekea bibi yake chai ya mchaichai, alikaa kwenye ngazi ya mlango akautazama, huku akijitungia habari za watu wanaoishi ndani yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la saba, na ukitaka akusikie ilibidi umwite mara mbili.

Najua hayo kwa sababu tulisoma darasa moja, na nyumba yetu ilikuwa ya pili kutoka kwao. Mengine alinisimulia mwenyewe baadaye.

Kwao walikuwa watu wanne: Vasiti, baba yake Semisi, bibi yake mzaa baba, ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi Laite, na shangazi yake Makereta, dada wa Semisi, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Mama yake Vasiti alifanya kazi mjini Suva na alirudi kila mwisho wa mwezi.

Kwetu, kaka na dada wakishakua hawasemeshani tena. Si ugomvi, ni heshima, na anayeivunja huonekana hakufundwa. Semisi na Makereta walilala chini ya paa moja na kula chungu kimoja, lakini neno la mmoja lilimfikia mwenzake kwa kupitia kwa mtu wa tatu. Mtu huyo alikuwa Vasiti.

"Vasiti, mwambie baba yako chumvi iko mbele yake," shangazi angesema wakati wa kula.

"Baba, shangazi anasema chumvi iko mbele yako."

"Mwambie siihitaji. Samaki huyu ametiwa chumvi ya kutosha kijiji kizima."

"Baba anasema samaki ni mtamu," Vasiti angesema.

Na shangazi, ambaye alikuwa amesikia vizuri kabisa, angegeukia ukuta ili asionekane anacheka.

Mezani hapo palikuwa na mchezo tu. Lakini mara nyingi baba alikuwa shambani kwenye magimbi, au katika nyumba ya mikutano na wanaume wenzake, na shangazi alikuwa jikoni. Hapo maneno yalisafiri kwa miguu ya Vasiti, na hakuna aliyejua yalivyobadilika njiani. Mwaka uliopita aliwahi kufikisha maneno makali ya shangazi kuhusu paa linalovuja, akayafikisha yote kama yalivyo, na baba akaenda kulala nyumba ya mikutano wiki nzima. Vasiti aliumia sana wiki ile. Aliapa moyoni kwamba hatakuwa tena mtu wa kuvunja amani ya nyumba. Tangu siku hiyo akawa analainisha. Neno likiwa na mwiba, aliung'oa. Likiwa na haraka, aliipunguza. Watu wakubwa wakatabasamu, naye akaona amegundua dawa ambayo hakuna mwingine anayeijua.

Bibi Laite alikuwa na kisukari. Wiki tatu kabla ya siku ninayoisimulia, alijikata kidole cha mguu kwenye ganda la kombe la mtoni, kidonda kidogo tu, na kwa vile si mtu wa kulalamika, alikifunga kitambaa na kuendelea kusuka mkeka. Kila ukimwuliza alijibu kwamba hajambo. Siku ya Jumanne jioni shangazi alifungua kile kitambaa, kisha akakifunga tena polepole. Akamshika Vasiti mkono, wakatoka nje.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Nenda kwa baba yako umwambie hivi. Kidole cha mama kimekuwa cheusi na kinanuka. Asiende kwenye miti kesho. Ampeleke mama hospitali kesho asubuhi. Na umwambie, akienda kukata nguzo za kanisa akamwacha mama anaoza humu ndani, basi asiniite tena dada yake. Umeshika?"

"Nimeshika, shangazi."

"Nenda basi. Usisimame kutazama mto."

Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imekatwa na mafuriko, na boti zote tatu zenye mashine zilikuwa ziende juu mtoni alfajiri na wanaume wanaokwenda kukata nguzo za kanisa jipya. Semisi ndiye aliyechaguliwa kuongoza safari ile. Vasiti alitembea kando ya mianzi akiyabeba maneno ya shangazi, na kila hatua yalizidi kuwa mazito. Alimwaza baba yake atakavyonuna. Aliiwaza ile wiki ya mwaka jana. Mto ulikuwa unapita kimya, umejaa majani na povu, na licha ya kukatazwa alisimama akautazama kwa muda mrefu.

Alimkuta baba yake katika nyumba ya mikutano akinoa shoka, anacheka na wenzake. Hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu mama aende kazini Suva.

"Njoo hapa, binti yangu. Nikuletee nini kutoka juu? Kamba? Kule wako kamba wa mtoni ukubwa wa kiganja."

"Niletee kamba, baba," Vasiti alisema. Kisha akasema, "Shangazi anasema kidole cha bibi kinamsumbua kidogo. Angefurahi umpeleke hospitali ukipata nafasi."

Semisi aliacha kunoa. "Kidogo tu?"

"Kidogo."

"Mwambie nimesikia. Nikirudi Ijumaa nitampeleka."

Shangazi alikuwa anamngoja mlangoni. "Amesema nini?"

"Amesema amesikia. Atampeleka."

"Amesikia yote?"

Vasiti aliangalia miguu yake. "Ndiyo, shangazi."

Makereta alishusha pumzi ndefu, akaingia ndani kupiga pasi gauni la Bibi Laite la kanisani. Usiku ule nyumba ilikuwa na utulivu mtamu. Baba alikuwa bado na wenzake, wakinywa yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, ya kuagana na kijiji, na makofi yao yalisikika kwa mbali. Vasiti alilala akisikiliza, akijipongeza.

Alipoamka boti zilikuwa zimeshaondoka, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mizizi ya mianzi. Ufukweni alimkuta bibi yake amekaa juu ya mkeka, amevaa lile gauni, amejifunika shuka mbili na bado anatetemeka. Shangazi alikuwa amesimama pembeni na kikapu cha nguo.

"Boti yetu haipo," shangazi alisema. "Baba yako atakuwa amekwenda kutafuta petroli. Wewe nenda shule, tutakutana jioni."

Hapo ndipo Vasiti angepaswa kusema. Alifungua mdomo. Lakini kusema kungekuwa na maana ya kueleza jana, na jana ilimtia aibu, kwa hiyo akafunga mdomo akaenda shule. Alijiambia kwamba bibi ni mtu mwenye nguvu, kwamba Ijumaa si mbali. Alijiambia mengi.

Shule yetu imejengwa juu ya kilima, na madirisha ya darasa la saba yanatazama mto. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Madam Sarojini, alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Hakupiga mtu, lakini alijua kusema. Wiki ile alikuwa anatufundisha kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa: mtu amesema neno kwa kinywa chake, nawe unalipeleka kwa mwingine. Alituandikia ubaoni yanayobadilika. Mimi inakuwa yeye. Leo inakuwa siku ile. Hapa inakuwa pale. Wengi wetu tulikuwa tunahangaika na vitenzi vya Kiingereza. Vasiti hakuwa na shida na vitenzi.

Madam alirudisha madaftari, akabaki na moja mkononi.

"Vasiti, simama. Sentensi ya tano inasemaje kitabuni?"

Vasiti alisoma. Daktari alimwambia mgonjwa, "Lazima uache sigara leo, la sivyo utakufa."

"Na wewe umeandika nini?"

Vasiti alisoma kwa sauti ndogo. "Daktari alimwambia mgonjwa kwamba angefurahi kama angepunguza sigara siku moja."

Tulicheka darasa zima. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, na mpaka leo nikikumbuka najionea haya.

"Kiingereza chako ni kizuri," Madam alisema. "Vitenzi vyako vyote viko sawa, hata wa kwanza wa darasa hana vitenzi safi hivi. Lakini huyu daktari hakusema hivyo. Nimekuruhusu ubadilishe siku, ubadilishe mahali, ubadilishe nani ni nani. Jambo lenyewe nani amekuruhusu ulibadilishe? Umemfanya daktari awe mpole, na mgonjwa wako atakufa anatabasamu."

Tulicheka tena. Vasiti hakukaa. Alikuwa ametazama dirishani, na sisi tukadhani yuko kwenye ndoto zake kama kawaida. Ukungu ulikuwa umeisha. Kule chini ufukweni walionekana watu wawili wadogo, mmoja amesimama na kikapu, mmoja sasa amelala ubavu juu ya mkeka.

"Madam," Vasiti alisema. "Bibi yangu."

Akaanza kulia, na katikati ya kulia akasema yote, mbele yetu sisi sote. Hakuna aliyecheka tena. Madam Sarojini alivua miwani, akaivaa tena.

"Wanaume wamefika wapi sasa hivi?"

"Vuniyasi," nilijibu mimi, maana baba yangu naye alikuwa ameenda. "Watakuwa wanakabidhi yaqona kwa wenyeji. Hawawezi kugusa mti kabla ya hapo."

"Kwa njia ya miguu?"

"Saa moja, Madam. Ukikimbia, pungufu."

Madam alimtazama Vasiti. "Nenda. Rusiate, mfuate asianguke kwenye matope. Mimi nakwenda kwa bibi yako na mwavuli wangu. Na, Vasiti, safari hii usibadilishe hata neno moja."

Rusiate ni mimi. Tulikimbia. Njia ya Vuniyasi hupita chini ya miti mikubwa, na mvua ilikuwa imeifanya laini kama ugali. Vasiti alikuwa mbele yangu, midomo yake inacheza. Nilidhani anasali. Nilipomkaribia nikasikia anarudia: kidole cha mama kimekuwa cheusi na kinanuka, asiende kwenye miti kesho. Alirudia hivyo njia nzima, na akifika mwisho alianza upya.

Katika nyumba ya mkuu wa Vuniyasi wanaume walikuwa wameketi mikekani, kimya, bakuli kubwa la yaqona liko katikati. Wakati kama huo mtoto haingii. Wala mtu haropoki tu. Kila neno hupitia kwa msemaji. Vasiti alipanda ngazi ya mlango wa chini, ule wa wadogo, akaketi na kuinamisha kichwa, akapiga makofi matatu mazito kama tunavyofundishwa. Nyumba yote ikageuka. Nilimwona baba yake anaanza kuinuka, kisha anajizuia.

Msemaji wa wenyeji alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti kavu. "Mtoto wa nani wewe, na una nini?"

"Mtoto wa Semisi wa Nabitu. Nina maneno ya shangazi yangu kwa baba yangu."

"Yaseme kwangu, nami nitamfikishia."

Vasiti aliyasema. Aliyasema yote, na kila aliposema neno mzee aligeukia upande wa Semisi na kulirudia, kwa sauti ileile kavu, asiongeze wala asipunguze. Dada yako anasema kidole cha mama yenu kimekuwa cheusi na kinanuka. Anasema usiende kwenye miti leo. Anasema umpeleke mama hospitali leo asubuhi. Hapo Vasiti alisita. Mzee alingoja. Vasiti akafunga macho na kumalizia, machozi yakimshuka, na mzee akarudia mbele ya wanaume wote: anasema ukienda kukata nguzo za kanisa ukamwacha mama anaoza ndani, basi usimwite tena dada yako.

Semisi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kuna lingine?" mzee aliuliza.

"Lipo, ila hili ni langu," Vasiti alisema. "Maneno haya nilipewa jana. Mimi ndiye niliyeyabadilisha. Baba hakujua."

Mzee aligeuka akayarudia hayo nayo, moja baada ya jingine. Semisi alipiga makofi matatu, akaomba ruhusa ya kuondoka, na mkuu akampa kwa kuinua mkono tu.

Mto ulikuwa umejaa, boti ikashuka kwa kasi. Tulipoiona Nabitu, Semisi alimgeukia binti yake.

"Kwa nini, Vasiti?"

"Ulikuwa unacheka, baba. Sikutaka uache kucheka."

Aligeuka akautazama mto. Sikumwona akikasirika. Niliona anajuta, kwa sababu alikumbuka ni nani aliyekwenda kulala nyumba ya mikutano wiki nzima kwa ajili ya maneno ya paa. Wakati huo sikuelewa. Sasa nina watoto wangu, naelewa.

Ufukweni Madam Sarojini alikuwa amepiga magoti kwenye matope na sari yake, amemshikia Bibi Laite mwavuli. Walimpakia, shangazi akaketi nyuma, Semisi mbele, Vasiti katikati yao. Mimi niliachwa ufukweni na mwavuli.

Daktari alikata kidole kimoja. Aliwaambia kwamba wamewahi, na kwamba wangengoja mpaka Ijumaa angekata mguu, na huenda wasingerudi na bibi. Jumapili walimkuta amekaa kitandani, anawagombeza wauguzi kwa chai isiyo na ladha. Semisi aliketi upande mmoja wa kitanda, Makereta upande wa pili, na Vasiti miguuni.

"Vasiti," baba yake alisema, akitazama shuka. "Mwambie shangazi yako kwamba mimi ni mtu mgumu kuambiwa. Mwambie neno la paa lilikuwa kweli na mimi nilinuna kama mtoto. Mwambie najua ndiyo maana mtoto aliogopa. Mwambie anisamehe."

Shangazi alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, na alikuwa analia tayari. Hata hivyo Vasiti alimgeukia, akaketi sawasawa, akayasema yote kwa mpangilio wake, pamoja na lile la kununa kama mtoto.

"Mwambie baba yako," Makereta alisema, akijifuta uso kwa upindo wa gauni, "mimi bado ni dada yake."

Vasiti alimwambia.

Bibi Laite alimwita mjukuu wake aje karibu, akamshika kidevu. "Nilikuwa najiuliza kwa nini nyumba yangu imekuwa tulivu hivyo," alisema. "Sikiliza. Na mimi nina kosa langu. Nilisema sijambo wakati naumwa, nawe umejifunza kwa nani kama si kwangu? Lakini kuanzia leo tuache wote wawili. Neno la mtu ukilibeba si mali yako. Lifikishe kama ulivyopewa. Likiwa kali, lia huku unalisema. Lakini liseme."